Kisigino cha Mjomba Mwinyimvua

Nyamlangu, Delta ya Rufiji
11 Aprili 1983

Kwa mpwa wangu Zahoro,

Pokea salamu za hapa nyumbani, za watu wote na za wale uliogombana nao pia. Mkaza mjomba wako Zena ni mzima, mgongo unamuuma, na unamuuma zaidi siku za shamba la kijiji. Binti yetu Zamda amejifungua mtoto wa kike, mzito, anayelia akitazama watu usoni. Mnazi wa nyuma ya jiko ulianguka wiki iliyopita, haukuua mtu.

Sasa nina neno. Nguruzi ya mashua imevunjika. Umekaa Dar es Salaam miaka sita, huenda umesahau vitu vya kwenu, kwa hiyo nakukumbusha. Nguruzi ni kile kizibo cha shaba kilichoko chini kabisa tumboni mwa mashua. Tukiwa ufukweni tunakifungua maji machafu yatoke, kisha tunakikaza kwa kukizungusha. Kimepasuka katikati na meno yake ya kukazia yamelala. Kiligonga mwamba.

Mashua ni ya kijiji, hilo sipingi, tuliikabidhi mwaka sabini na tano kwa ngoma. Lakini nguruzi hukaa na nahodha. Jioni naichomoa naenda nayo nyumbani, asubuhi nairudisha, na mtu asiyekuwa na nguruzi hana mashua hata kama ni mwenyekiti. Hivyo ndivyo alivyofanya babu yako. Unaona basi shida iliyonikuta.

Nimekutumia vipande vyote viwili kwa Bi Sophia wa mikeka, vimo ndani ya kanga. Wewe uko Kariakoo, kwenye mafundi wa kila kitu. Itengeneze au tafuta nyingine, uirudishe upesi. Watu wa huku wanavuka kwenda zahanati kwa mashua hii hii moja. Kwa sasa nimeziba tundu kwa njia ya muda.

Mjomba wako,
Mwinyimvua


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
6 Mei 1983

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mkaza mjomba shikamoo. Zamda hongera, mtoto akue. Mimi mzima, kazi dukani Mchafukoge inaenda vizuri na mwenye duka ananisifu mbele ya wateja. Nimenenepa kidogo shavu moja, ni jino.

Vipande nimevipokea. Nilivipeleka kwa fundi Onesphory, Mchaga mmoja anayeunga shaba nyuma ya soko. Alivitazama sana, akavinusa, akasema katika maisha yake ameunga jiko, baiskeli na meno ya bandia ya padri, lakini hiki hajapata kukiona. Amenirudishia, anaendelea kuwaza ataanzia wapi.

Wakati huohuo sikukaa bure. Mtaa wa pili kutoka kwangu kuna ghala la vipuri, na mbele yake kuna foleni. Mjomba, foleni za huku si kama za kwenu za kisimani. Huku mtu hasimami, anaweka kitu chake kimsimamie kisha anaenda kwenye shughuli zake. Wengi wanaweka mawe. Mama Candida, anayeuza dagaa, ameweka sufuria iliyotoboka. Mimi nimeweka nguruzi. Ni ya nne kutoka dirishani. Hakuna anayejua kitakachouzwa, lakini ni ghala la vipuri, na nguruzi ni kipuri, kwa hiyo tuna matumaini ya kupata mpya kabisa.

Usiogope wizi. Mwizi wa foleni ataipeleka wapi, na yeye mwenyewe amepanga hapohapo?

Jambo moja linanitatiza. Mwamba uko wapi huko Nyamlangu? Mimi nimezaliwa hapo, ninakumbuka tope tu.

Mpwa wako,
Zahoro


Nyamlangu
20 Juni 1983

Zahoro,

Marahaba. Pole kwa jino. Sisi hatujambo, mtoto wa Zamda ameanza kucheka, anamcheka Mrisho zaidi, ana akili.

Usiniulize habari za mwamba. Nimekutuma nguruzi, sikukutuma upelelezi.

Nakueleza sasa ile njia ya muda, maana naona hufanyi haraka. Nilijaribu gunzi la muhindi, likatoka katikati ya maji. Nikajaribu tambara na utomvu, samaki wakala, au sijui nani alikula. Mwisho nilitia kisigino changu cha kulia, kikaingia kana kwamba mashua ilijengwa kwa kupimwa mguu wangu. Tangu siku ile ninavuka nikiwa nimekaa chini, mguu mmoja nimeunyoosha, kisigino tunduni. Asubuhi kwenda, mchana kurudi, na siku ya zahanati mara nne.

Tatizo ni kwamba mtu hawezi kuziba tumboni na kushika usukani nyuma, labda awe na mguu wa urefu wa mnazi. Usukani ameshika Mrisho. Unamkumbuka, yule niliyemfundisha kufunga kamba, akajifunga mwenyewe. Sasa anasimama nyuma, mkono kiunoni, ananipigia kelele, "Mzee, kaza hapo chini." Na akina mama wanaweka vikapu juu ya goti langu kwa sababu halisogei.

Kisigino kimekuwa cheupe na kina mikunjo, na kuna kamba wadogo wanaokidonoa. Naomba uniambie siku. Usiniambie matumaini.

Mjomba wako,
Mwinyimvua

(Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine:)

Zahoro mwanangu, ni mimi Zena, bahasha amenipa nigundishe. Mwamba ni kinu. Alikuwa anamficha mwenyekiti ile shaba, akaificha ndani ya kinu changu chini ya kisamvu, hakusema. Mimi nikatwanga. Usimwambie kwamba unajua, yeye mwenyewe hajaniambia kwamba mimi ninajua.


Mtaa wa Sikukuu
2 Agosti 1983

Mjomba,

Shikamoo. Pole sana kwa kisigino. Jino limetoka, mashavu yamelingana. Mwenye duka amefunga kidogo, amekwenda kupumzika kwao, lakini kazi ipo. Mwambie mkaza mjomba nimepata salamu zake zote.

Ya nguruzi ni haya. Foleni imekua, sasa inazunguka kona na kupita mbele ya msikiti mdogo. Tumefanya mkutano na tumechagua uongozi. Mwenyekiti ni Mzee Theophil, mwenye duka la jumla la kanga na vibiriti, aliyeweka tofali la kuchoma. Mimi nimechaguliwa katibu, kwa sababu ya nguruzi. Walisema mtu aliyeweka shaba ana nia ya kweli, si kama hawa wa mawe. Mvua ikinyesha naihamishia foleni yote chini ya baraza, jiwe moja moja kwa mpangilio wake, kisha nairudisha. Juzi mtu mmoja alidai jiwe lake limebadilishwa, akaleta shahidi. Tulikaa kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na nikaamua jiwe ni lake. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

Watu wananiletea chai, Mjomba. Wananiita "Katibu". Mtu akitaka kwenda msibani ananiaga.

Kuhusu kuitoa nguruzi nikuletee vile ilivyo, hiyo ni ngumu kidogo. Ikitoka kwenye mstari nafasi imepotea, na tuko wa nne. Vumilia.

Mpwa wako,
Zahoro, Katibu


Nyamlangu
14 Septemba 1983

Zahoro,

Sisi wazima. Leo sina salamu nyingi.

Wiki iliyopita kijiji kilihesabu mali zake, kwa sababu bwana mkaguzi wa wilaya anakuja mwanzoni mwa Desemba kuandika vyombo vyote na manahodha wake. Karani alisoma orodha ya mashua mbele ya mkutano. Nakuandikia kama alivyoisoma. "Makasia mawili. Nanga moja. Tanga moja, lina viraka. Mwinyimvua mmoja."

Nilidhani watu watacheka. Hawakucheka. Mwenyekiti akauliza, "Katika hali gani?" Karani akajibu, "Anafanya kazi."

Ilipofika kupiga kura ya nani aandikwe nahodha nikanyoosha mkono, nikaambiwa niushushe, kwa kuwa niko kwenye orodha ya vifaa, na kifaa hakipigi kura. Mrisho anaongoza kwa kura zote, ila mwenyekiti amesema nikija na nguruzi kabla ya mkaguzi, jambo litatazamwa upya. Mkaguzi akishaandika jina, halibadilishwi tena mpaka mtu afe.

Niliumia, Zahoro. Nina miaka sitini na mbili, nimevusha wajawazito usiku wa tufani, nimevusha maiti na maharusi, na nimewekwa baada ya tanga lenye viraka.

Na kwa kuwa nimeshashuka hadi hapo, basi pokea na hili. Hapakuwa na mwamba. Niliificha nguruzi ndani ya kinu, Zena akaitwanga. Nimemwachia aamini kwamba alitwanga mfupa. Nilisema mwamba kwa sababu nahodha aliyegonga mwamba anapewa pole, aliyetwangiwa nguruzi na mkewe anatungiwa wimbo.

Mimi nimesema ukweli wangu. Sasa niletee shaba yangu, nzima au mbovu.

Mwinyimvua


Mtaa wa Sikukuu
10 Oktoba 1983

Mjomba wangu,

Shikamoo, na naomba usome barua hii ukiwa umekaa, ingawa najua siku hizi umekaa tu.

Nguruzi ilipona tangu mwezi wa tano. Fundi Onesphory aliiunga siku tatu baada ya barua yangu ya kwanza, akaichonga na meno mapya. Niliifuata kwenye foleni nikampa fundi, nikaacha kiatu changu mahali pake. Ilipokuwa tayari niliirudisha ilipokuwa, nikasema nitaikalisha siku mbili tatu tu, huenda dirisha likafunguliwa, nikapata na ya akiba. Dirisha halikufunguliwa. Kisha wakanichagua.

Ningekwambia mapema, lakini duka halikufungwa kwa mapumziko. Limefungwa kabisa tangu Aprili, rafu tupu, mwenyewe karudi kwao. Sina kazi, Mjomba. Nilikuwa naamka sina pa kwenda, na nikifika pale mtu ananiuliza, "Katibu, leo vipi?" Ndiyo sababu. Nimekuweka kwenye tundu la mashua miezi mitano kwa ajili ya kuitwa Katibu. Naona aibu kuandika na naandika.

Sasa kuna msako. Asiye na kitambulisho cha kazi anapandishwa lori na kupelekwa shambani. Nassibu, tuliyekuwa tunapanga naye chumba, alitoka kwenda Posta kutuma barua, wakamchukua. Amepelekwa kijiji asichokijua, cha watu asiowajua, na barua yake bado iko mfukoni. Mimi natembea kwa vichochoro. Mama Candida ananificha nyuma ya magunia ya dagaa, nanuka hadi mbwa wananifuata.

Nimeshaitoa nguruzi kwenye mstari. Watu walisimama wakati naiondoa, Mzee Theophil alivua kofia. Bi Sophia anarudi huko mwezi ujao na mikeka iliyododa, nitampa aje nayo. Itawahi kabla ya mkaguzi. Nisamehe.

Zahoro


Nyamlangu
24 Oktoba 1983

Zahoro,

Barua yako nilisomewa na Zena huku nikikanda kisigino, akasita pale pa mwezi wa tano, nikamwambia endelea. Aliposoma yote nilitoka nje nikapiga teke mtumbwi wa jirani kwa mguu huo huo mbovu. Nilikutukana hadi alasiri. Matusi hayo siyaandiki, karatasi ni ndogo.

Kisha nikakaa. Nikawaza, huyu mtoto wa dada yangu hana kazi tangu Aprili, na ananiandikia shavu limenenepa.

Usimpe Bi Sophia nguruzi. Kaa nayo.

Nimekwenda kwa mwenyekiti, nikamwambia kijiji chetu kina mali yake mjini na mali hiyo ina mlinzi, na mlinzi huyo hana karatasi. Alifikiri kidogo. Kilichompendeza ni kwamba hakuna kijiji kingine tarafa nzima chenye kituo Dar es Salaam. Karatasi hii hapa, ina mhuri, wino wake niliupepea mwenyewe ukauke:

"KIJIJI CHA UJAMAA NYAMLANGU. KWA YEYOTE ANAYEHUSIKA. Ndugu Zahoro ni mfanyakazi halali wa kijiji hiki. Cheo: Mtunza Nguruzi. Kituo cha kazi: Kariakoo. Kifaa anachokitunza atakuwa nacho mkononi muda wote kama uthibitisho. Asisumbuliwe akiwa kazini, na kazi yake haina saa ya kutoka."

Umeona basi. Ukiwa nayo una kazi, ukiituma huna. Mimi kisigino ninacho, kimeshazoea. Mrisho ataandikwa nahodha na dunia haitaanguka. Nilisema hivyo mbele ya Zena kwa sauti ya kawaida, kisha nikaenda kulala bila kula.

Nguruzi isitoke mkononi mwako, unanisikia?

Mjomba wako


Mtaa wa Sikukuu
18 Novemba 1983

Mjomba wangu, shikamoo, shikamoo tena.

Karatasi ilifika Jumatatu, Jumatano nikasimamishwa. Nilikuwa Mchikichini natazama mitumba bila nia ya kununua. Askari wawili. Mkubwa wao akaisoma mara mbili, akasema, "Nguruzi ndiyo nini?" Nikamwonyesha. Akaipima mkononi.

"Na mashua iko wapi?"

"Iko kijijini, afande. Inavusha watu."

"Inavushaje na kizibo kiko hapa?"

"Mjomba wangu ameweka kisigino."

Walitazamana. Yule mdogo akauliza kama ni zamu. Nikamwambia hapana, ni yeye tu, tangu Aprili. Mkubwa akanirudishia nguruzi kwa mikono miwili, akasema, "Mpe mzee pole," wakaenda zao. Nikakaa juu ya magunia ya mitumba. Nilikuwa nalia, Mjomba. Sikulia kwa askari, nililia kwa lile goti lenye vikapu.

Habari ya pili. Alhamisi dirisha la ghala lilifunguliwa. Miezi saba, Mjomba, watu walikuja wakikimbia na vitambulisho vya mawe yao. Mzee Theophil aliomba dua fupi. Karani akatoa kichwa akatangaza kilichopo, mabuti ya mpira ya mguu wa kulia. Ya kushoto yamekwenda mkoa mwingine na hayajulikani yatarudi lini. Watu waligeuka. Walichukua mawe yao wakaondoka, wengine waliyabeba kama wamebeba mgonjwa. Mama Candida alisema afadhali angekaa nyumbani na sufuria yake.

Mimi nafasi yangu ya nne nilikuwa nimeiachia, lakini wenzangu walikuwa wameweka tofali pale na kuandika "Katibu" kwa chaki. Nikaenda dirishani. Nimechukua buti moja, namba nane. Karani akaniuliza nitafanya nini na buti la mguu mmoja. Nikamwambia yupo mtu anayehitaji moja tu.

Bi Sophia analo, limo ndani ya mkeka. Angalau kamba wasikudonoe tena.

Mpwa wako,
Zahoro, Mtunza Nguruzi


Nyamlangu
4 Desemba 1983

Kwa mpwa wangu Zahoro, kituo cha Kariakoo,

Marahaba, marahaba nyingi. Mtoto wa Zamda ameota meno mawili ya chini. Zena hajambo, mgongo umetulia kwa kuwa shamba la kijiji limekwisha.

Buti lilifika Jumanne. Jumatano nililivaa nikashuka nalo mashuani, Mrisho akacheka hadi akajishika. Nikatia mguu tunduni. Lilibana kweli, hata nikadhani sitatoka. Tukavuka na akina mama kumi na mmoja na mbuzi. Halikuvuja.

Katikati ya maji mguu uliniwasha ndani, jasho la mpira lile. Nikavuta kidogo. Mguu ukatoka, buti likabaki pale pale limesimama, mdomo juu. Nikatazama chini yake. Hakuna hata tone.

Nikasimama. Miezi minane, Zahoro, sijasimama ndani ya mashua ile. Akina mama walisogeza vikapu nipite, mmoja akamvuta mbuzi. Nikaenda nyuma, mguu mmoja na kiatu na mwingine bila, nikamwambia Mrisho, "Sogea." Akasogea.

Bwana mkaguzi alikuja Ijumaa. Alipita mashua yote na kalamu yake, alipofika kwenye buti akauliza, "Hili ni la nini?" Mwenyekiti akamjibu ndiyo nguruzi ya hapa, ile ya shaba iko kituoni Dar es Salaam na mtunzaji wake. Mkaguzi akaandika. Karani naye akafuta "Mwinyimvua mmoja" akaandika "Buti moja, kulia". Nahodha ni mimi, kwa wino.

Wewe kaa na shaba yako mpaka upate kazi yenye jina fupi. Huku hatuna haja nayo kwa sasa.

Desturi ninaifuata. Jioni nalichomoa buti, naenda nalo nyumbani. Zena ameniuliza safari hii nitalificha wapi, na amekwisha kuingiza kinu ndani kabisa. Nimemwambia asihangaike, silifichi popote, ninalo mguuni hapa ninapokuandikia.

Mjomba wako,
Mwinyimvua, Nahodha